Konde la Juu Lilipohifadhiwa

Siku tuliyomzika Mjomba Kosmas, bwana aliyeshika kipaza sauti alitangaza kwamba mwili wa mpendwa wetu utahifadhiwa saa tisa alasiri, mvua ikiruhusu. Dada Pelagia, aliyekuwa amesimama ubavuni mwangu amejitanda kanga, alinibana mkono. Nikamtazama. Alikuwa analia, lakini midomo yake ilikuwa inacheza kwa kicheko alichokuwa anakizuia kwa nguvu.

"Angelisikia hilo neno," aliniambia sikioni, "angeinuka agombane nao."

Watu wa karibu walitugeukia kwa macho makali, na haki yao. Hawakuwepo wakati ule. Sisi wawili, pamoja na mama aliyekuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake, ndio tuliobaki tunaojua jinsi neno hilo moja, kuhifadhi, lilivyoingia nyumbani kwetu likakaa kama mgeni ambaye hakuna anayejua ataondoka lini.

Kwetu ni juu. Barabara ikishaiacha Mzumbe huanza kupanda na kujipinda hadi masikio yanaziba, na mtu aliyetoka mjini na shati jepesi hujuta. Asubuhi ukungu hushuka mpaka kwenye mlango wa jiko. Tunalima kabichi, karoti na njegere kwenye miteremko mikali ambayo mgeni akiitazama kutoka chini hujiuliza mkulima anasimamaje. Na ardhi yenyewe si ya mtu mmoja. Kwetu Waluguru ni ya ukoo, lukolo, nayo hufuata upande wa mama. Baba alililima konde letu la juu tangu alipooa, akalijua jiwe kwa jiwe, lakini likizungumzwa jambo la mipaka alinyamaza na kumwangalia Mjomba Kosmas, kaka mkubwa wa mama, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mashamba ya ukoo.

Mjomba alikuwa mtu wa kushuku. Sisemi kwa ubaya. Alishuku mizani ya madalali, akashuku mbegu za pakiti zenye picha ya kabichi kubwa kuliko kichwa cha mtu, akashuku hata redio mpya zilizoanza kusikika wakati huo, kwa sababu zilicheka mno. Ujanani mwake aliona watu wakilazimishwa kuchimba matuta milimani kwa maelezo kwamba ni kwa faida yao wenyewe, na tangu hapo kila aliposikia maneno matamu aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza kama fundi anayesikiliza injini mbovu.

Ilikuwa miaka ile ambayo ushirika umeshakufa na soko limefunguliwa. Malori yalikuja kutoka Dar na kutoka Dumila, kila dalali na bei yake, na mkulima aliyeshusha matenga yake barabarani hakuwa na la kusema. Ndipo ukaja mradi. Wafadhili walitaka wakulima wa vijiji vyetu wauze mboga kwa pamoja, na ili hilo liwezekane, walisema, lazima ijulikane nani analima nini, wapi, na atavuna lini. Wakaleta kompyuta. Iliwekwa kwenye ukumbi wa parokia kwa kuwa misheni ndiyo iliyokuwa na jenereta. Na wa kuiendesha akawa dada yangu Pelagia, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kusoma kompyuta mjini kwa miezi kadhaa.

Nakumbuka ilivyofika. Ilipakiwa juu ya lori katikati ya matenga matupu, imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Ilipofunguliwa ukumbi wote ulijaa harufu ambayo sikuwahi kuinusa, harufu ya plastiki mpya iliyopata joto, ikichanganyika na moshi wa dizeli kutoka nje. Mama aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, chenye maua pembeni, kama watu walivyofunika redio zao. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nilijiona mtoto wa nyumba kubwa.

Jumapili ya kwanza baada ya Misa, Pelagia aliwaita wakulima waje waelezwe. Ukumbi ulijaa. Mjomba alikaa mbele, kofia mapajani.

Dada yangu alikuwa amejiandaa. Huko mjini alifundishwa kwa Kiingereza, lakini hakutaka wazazi wake wakae pale wakikodoa macho. Kila neno alilitafutia Kiswahili na mfano wa nyumbani.

"Hiki ni kioo tu, kinakuonyesha unachoandika," alisema. "Na hiki ninachosukuma kwa mkono kinaitwa kipanya."

"Kinakula nini?" aliuliza mama mmoja kutoka nyuma, watu wakaangua kicheko.

"Hakili chochote, mama. Kinaelekeza tu, kama kidole." Alisubiri kicheko kiishe. "Sasa, kila mkulima atakuwa na faili lake. Faili ni kama tenga. Vitu vyako vinakaa humo, havichanganyiki na vya mwenzako. Matenga mengi ukiyapanga kwenye banda moja, lile banda tunaliita folda. Kuna na virusi. Virusi vya kompyuta si ugonjwa wa watu, msiogope kuigusa. Ni kama ule ugonjwa wa kabichi unaohama na miche kutoka kitalu kimoja kwenda kingine. Na ukitaka kitu kimoja kiwe mahali pawili, unatengeneza nakala. Nakala na chenyewe havina tofauti hata kidogo, huwezi kujua kipi ni kipi."

Wazee waliitikia kwa vichwa. Ilikuwa inaeleweka. Hata Mjomba alikuwa ameacha kuinamisha kichwa.

"Sasa sikilizeni hili, ndilo kubwa," Pelagia aliendelea, na sauti yake ikapanda kwa furaha. "Ukiandika kitu hapa ukakiacha hivi hivi, ni kama neno ulilolisema mlimani upepo ukivuma. Jenereta likizima, limekwenda. Ndiyo maana lazima ukihifadhi. Ngoja niwaonyeshe kwa faili la Mjomba."

Akaandika huku akisoma kwa sauti: Kosmas, konde la juu, kabichi na njegere, limepakana na msitu. Akabonyeza.

"Tayari. Konde la juu limehifadhiwa."

Ukumbi ulinyamaza ghafla, ikabaki sauti ya jenereta peke yake.

Ili uelewe ukimya ule, lazima ujue kwamba msimu huo hilo ndilo neno lililokuwa likizungumzwa visimani na vilabuni. Watu wa misitu walikuwa wameonekana kwenye mgongo wa mlima wa pili, wana kamba na makopo ya rangi. Familia kadhaa za huko zilikuwa zimeambiwa kwamba mashamba yao yamo ndani ya hifadhi na wasipande tena. Kwetu sisi, shamba kuhifadhiwa maana yake ilikuwa moja tu.

Mjomba alisimama. "Umesema limefanywa nini?"

"Limehifadhiwa, Mjomba."

"Na nani?"

"Na mimi." Dada yangu alikuwa bado anatabasamu, masikini.

"Kwa amri ya nani?"

"Haihitaji amri, Mjomba. Ni kubonyeza tu."

Minong'ono ikaanza. Pelagia aliona kuna jambo limeharibika lakini hakujua ni lipi, akaharakisha kulirekebisha. "Msiwe na wasiwasi. Nikitaka nalifuta mara moja."

"Unalifuta konde la bibi yako?"

"Hapana, si hivyo. Na baadaye, mtandao ukifika huku, konde hilo hata mtu aliyeko Ulaya ataliona!"

Mjomba alivaa kofia yake akatoka. Wazee wengine wakamfuata mmoja mmoja, kwa heshima, kama watu wanaotoka kanisani ibada haijaisha. Pelagia alibaki na mkono wake juu ya kipanya.

Mama ndiye aliyemwelewesha, jikoni, jioni hiyo hiyo. Pelagia alishika kichwa. "Mjini kila mtu anasema kusevu," alilia. "Ningesema kusevu yasingetokea haya! Nilitaka tu waelewe." Asubuhi alikwenda kwa Mjomba kuomba radhi na kueleza. Mjomba aliipokea shikamoo yake, akasema marahaba, akaendelea kunoa jembe. Hakumkaribisha kigoda.

Pengine mambo yangepoa. Lakini haikuchukua muda baba akateremka kutoka shambani, akaweka jembe chini taratibu, akatuambia kwamba miti iliyo juu ya konde letu imepakwa alama nyekundu.

Tangu siku hiyo tukawa watu wa kutazamwa. Tukienda kuchota maji mazungumzo yalikatika. Mwanamke mmoja aliyezoea kumsaidia mama kujitwisha tenga alianza kuwa na haraka. Watoto shuleni waliniambia dada yako ameuza mlima kwa kidole. Wakulima waliokuwa wamejiandikisha walikwenda kumwomba Pelagia awatoe humo ndani, na waliokuwa hawajajiandikisha walibadilisha njia wakimwona. Mjomba hakuja kwetu kula tena. Mama aligawanyika vipande viwili, upande mmoja kaka yake na upande mwingine mtoto wake, akawa anapika kimya na kusahau chumvi.

Na mimi? Mimi niliamini. Nililala kitanda kimoja na Pelagia, nikala naye sahani moja, na nilimshuku kuliko wote. Nilimchunguza mikono. Aliporudi kutoka ukumbini na ile harufu ya plastiki kwenye sweta lake nilijisogeza ukutani. Sikudhani kwamba ameuza konde. Wazo langu lilikuwa baya zaidi. Nilikuwa nimeyashika yale maneno yake ya nakala, kwamba nakala na chenyewe havina tofauti hata kidogo, na kwa akili yangu ya utoto nikafikia uamuzi kwamba konde letu la kweli limeingia ndani ya ile mashine, na lile lililobaki mlimani, ambalo baba alikuwa bado analitolea jasho, ni nakala.

Mchana mmoja nilitoroka nikapanda peke yangu kwenda kuhakikisha. Jua lilikuwa kali lakini upepo wa baridi. Nilisimama ukingoni mwa konde nikalitazama kama mtu anavyotazama noti anayodhani ni bandia. Kabichi zilikuwa zimejifunga vizuri, vizuri kupita kiasi, nikaona. Nilichuma ganda la njegere nikatafuna. Ilikuwa tamu. Lakini ilikuwa tamu namna ile ile? Nilichukua udongo nikaunusa. Kisha nikaliendea jiwe ambalo bibi, kwa maelezo ya mama, alikuwa akinolea panga lake, jiwe lenye mfereji katikati. Upande wake mmoja ulikuwa na kuvu ya kijani ambayo sikuikumbuka. Wamekosea hapa, nikasema, hapa ndipo walipokosea kunakili. Juu yangu zile alama nyekundu zilikuwa zinang'aa kwenye vigogo kama vidonda vibichi. Nikashuka mbio mpaka ukumbini.

Pelagia alikuwa peke yake, mashine imezimwa, imefunikwa kitambaa chake cha maua.

"Konde letu la kweli liko wapi?" nilimuuliza, nikihema.

Hakuelewa. Nikamweleza yote, na kuvu ya kwenye jiwe. Alianza kucheka, kisha uso wake ukabadilika.

"Hata wewe, Agi?"

Alinivuta akanikalisha kwenye benchi. "Nisikilize. Humu ndani hakuna udongo. Hakuna kabichi. Humu kuna jina la konde tu, na maneno machache. Konde liko pale pale bibi alipoliacha. Kuvu huota, mdogo wangu, mvua ikinyesha."

Nilifikiri. "Na mtu akilichukua jina?"

Alifungua mdomo anijibu, akaufunga. Akageuka kuitazama ile kompyuta. Siku hiyo nilidhani amenikasirikia. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba ndipo alipomkumbuka mratibu wa mradi, bwana mpole aliyekuja na pikipiki yake kila baada ya muda, akatoa diski mfukoni, ile bapa ya mraba iliyokuwa ikitumika enzi hizo, na kumwomba amnakilie taarifa zote aende nazo mjini. Ndiye pia aliyemwelekeza aongeze, kwenye kila faili, kama shamba limepakana na msitu. Ni kwa ajili ya takwimu tu, alimwambia. Dada yangu hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Sasa ghafla alikuwa nayo, na naye akaanza kushuku, na akawa hana wa kumwambia.

Jumapili iliyofuata Mjomba alikuja ukumbini na wanaume wa ukoo. Hawakuja kwa fujo. Walikuja kusema kwamba mashine ile iondoke, na kama haiondoki basi majina yao yaondoke. Mama na mimi tulisimama mlangoni. Pelagia aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka akaliwasha jenereta mwenyewe, akarudi akavuta kiti.

"Mjomba, kaa hapa. Utalifuta wewe mwenyewe."

Mjomba alikaa. Mkono wake mkubwa, wenye nyufa zilizojaa udongo usiotoka hata kwa sabuni, ulikifunika kipanya chote kikapotea. Mshale ukaruka pembeni ya kioo.

"Kinakimbia," alisema.

"Kishike taratibu, kama unavyoshika kifaranga. Sogeza. Hapo. Hilo ndilo konde la juu. Sasa bonyeza hapa."

Alibonyeza. Kibao kikatokea katikati ya kioo.

"Nini tena?"

"Inauliza kama una hakika."

"Nani anauliza?"

"Mashine, Mjomba."

"Iambie ndiyo."

Jina likatoweka. Wanaume waliokuwa nyuma walishusha pumzi, mmoja akapiga makofi mara moja na kuacha. Mjomba aliegemea kiti, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaona mabega yake yanashuka. Ingeishia hapo. Mama alikuwa ameshaanza kusogea amkaribishe kaka yake chakula.

"Bado," Pelagia alisema.

Wote wakamgeukia.

"Ukifuta, kitu hakiendi moja kwa moja. Kinaingia kwanza kwenye kapu la taka, hili hapa pembeni. Anayejua anaweza kukiokota." Akamwonyesha namna ya kulimwaga kapu, na Mjomba akalimwaga, akisema chini chini kwamba kumbe kufuta nako si kufuta.

"Na bado, Mjomba," dada yangu alisema tena. "Nakala iko mjini. Bwana wa mradi anayo. Niliitengeneza mimi, kwa mkono wangu, nikampa."

Mwanaume mmoja alitamka neno ambalo sitaliandika. Mama aliweka mkono mdomoni. Mjomba alimgeukia Pelagia.

"Kwa nini umeniambia? Nilikuwa naondoka nimetulia."

"Ungetulia bure, Mjomba."

Jenereta lilinguruma. Mjomba aliokota kofia yake, akaipigapiga kwenye goti, akauliza lori la kabichi linashuka mjini saa ngapi kesho.

Tulikwenda watatu. Mama alisisitiza wanichukue na mimi, akiamini kwamba hawatagombana mbele ya mtoto. Hawakugombana kwa kuwa hawakuzungumza. Mjomba alikaa mbele na dereva, sisi nyuma juu ya magunia, na kadiri tulivyoshuka ndivyo hewa ilivyozidi kuwa na joto na vumbi, hadi sweta zikatushinda tukazivua.

Ofisi ya mradi ilikuwa chumba kimoja chenye feni. Mratibu alitupokea vizuri. Alimwamkia Mjomba shikamoo, akaagiza soda tatu, akasema ni heshima kutembelewa na mzee kutoka mlimani.

"Konde langu limo humu?" Mjomba aliuliza, akiionyesha kompyuta mezani kwake.

"Taarifa zake zimo, mzee. Ni kwa ajili ya soko."

"Watu wa misitu nao wanazo?"

Mratibu alimtupia Pelagia jicho, akarudi kwa Mjomba. Hakuwa mwongo, lazima niseme hivyo. "Tunashirikiana nao. Waliomba, tukawapa nakala. Hatukuona kama ni siri, mzee. Kila mtu akipita pale si analiona shamba?"

"Analiona. Lakini akitaka kujua ni la nani, anabisha hodi kwangu." Mjomba alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Mimi nilibishiwa hodi?"

Bwana yule alijitolea kufuta nakala yake pale pale, mbele yetu. Mjomba aliuliza nakala nyingine ziko ngapi.

"Kusema kweli, mzee, sijui. Zipo zilizopelekwa Dar."

Mjomba aliinuka. Soda yake hakuigusa, na Pelagia hakuigusa yake. Mimi, nakiri, nilikuwa nimeimaliza.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, dada yangu alivunjika. Alilia kama mtoto, watu wanapita na baiskeli na mikokoteni, na nyuma yao milima yetu imesimama imevaa mawingu, mbali, midogo, kama si kwetu. Mjomba hakujua afanye nini na mikono yake. Mwishowe aliuweka mmoja begani kwa Pelagia.

"Mimi nilidhani ni wewe," alisema. "Kumbe na wewe walikuzunguka. Nyamaza. Twende tukale, mtoto ana njaa."

Kiangazi kilipofika watu wa misitu walikuja na nguzo zao za saruji. Mstari ulipita juu kidogo ya jiwe la bibi. Sehemu ya juu ya konde, yenye mianzi na migomba michache na ngazi mbili zilizopandwa njegere, ikawa upande wa pili. Kama ilikuwa ni kwa sababu ya ile nakala, au kama nguzo zingepita hapo hapo hata bila kompyuta kuletwa mlimani, hakuna aliyetuambia. Pelagia anasema zingepita tu. Mjomba hakukubali kamwe, na mimi nikiulizwa hujibu kwamba sijui, kisha usiku nawaza.

Pelagia aliacha kazi ya mradi. Alikuwa amepata nafasi mjini, kwa mama mmoja wa Kihindi aliyefungua duka la kuchapa barua na kutumia intaneti. Siku chache kabla hajaondoka, tukiwa ukumbini anaipangusa mashine vumbi aikabidhi, Mjomba aliingia peke yake. Alikuwa amenunua diski yake mwenyewe, imo ndani ya mfuko wa nailoni, imefungwa kwa uzi.

"Liandike tena," alisema. "Lote. Na kile kipande walichokata, kiandike. Na jina la mama yangu, na la mama yake."

Pelagia aliiwasha mashine. Aliandika. Mjomba alimtajia kila mti na kila mfereji, na majina ya wanawake waliolima pale ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Walipomaliza alisogeza kiti karibu.

"Nakala hii itakuwa yangu. Mtu mwingine akiipata, ataisoma?"

"Ukitaka asiisome, tunaweka neno la siri. Bila hilo neno haifunguki."

Uso wa Mjomba ulikunjuka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. "Hilo mbona hukutufundisha siku ile ya kwanza?"

"Hamkukaa mkamaliza."

"Na wewe utalijua?"

"Ukitaka, hata mimi sitalijua."

"Basi geukieni ukutani. Wote wawili."

Tukageuka, mimi na dada yangu, bega kwa bega, pua zetu karibu ziguse chokaa, tunajizuia kucheka. Nyuma yetu tulisikia kidole kimoja kinatafuta herufi, kinagonga, kinapumzika, kinagonga.

"Inataka nini tena?"

"Inataka uandike neno lile lile mara ya pili."

"Inanishuku?"

"Inahakikisha, Mjomba."

"Inafanana na mimi," alisema, na tukasikia kidole kinaanza upya.

Pelagia aliporudi likizo kwa mara ya kwanza, Mjomba alimpelekea ile diski ukumbini, kwenye mashine ile ile, aifungue ili amsomee. Kompyuta ikauliza neno la siri. Tukageukia ukutani bila kuambiwa. Aligonga, mashine ikakataa. Akagonga tena, ikakataa. Alijaribu kwa muda mrefu, na sisi miguu ikaanza kutuuma. Pelagia alianza kupatwa na hofu, maana hata yeye hakuwa na njia ya kuingia humo.

Hatimaye kiti kililia. Tulipogeuka, Mjomba alikuwa ameshaichomoa diski, anairudisha kwenye nailoni yake na kuifunga uzi kwa uangalifu uleule.

"Nimelisahau," alisema, na hakukuwa na huzuni yoyote usoni mwake. "Sawasawa. Kama mimi limenishinda, hata wao litawashinda."

Akavaa kofia, akachukua jembe alilokuwa ameliegemeza mlangoni, akapanda kwenda kulima.